Injini ikifa, kwanza ijulikane imeuawa na nini

Mashabiki wa Safari Rally wakirudi Nairobi kutoka Naivasha, magari hulazimika kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Kutoka Mai Mahiu ni mlima mtupu. Tabo inavuta muda wote, joto la maji linapanda, na kijana aliyeshika usukani wa Subaru Impreza hataki kupitwa na Subaru ya mwenzake. Karibu na kilele, chini ya boneti, inaanza sauti ambayo kila mwenye gari la namna hiyo anaiogopa: ko-ko-ko, ikienda mbio kadiri mguu unavyokanyaga. Gari linaegeshwa kando, boneti inafunguliwa, watu wawili watatu wanasogea. Hata injini haijapoa, mmoja wao ameshatoa hukumu: imenoki hiyo, tafuta nyingine.

Hukumu kama hiyo hutolewa kila siku katika gereji za Grogan jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam na Kisekka jijini Kampala. Pengine ni sahihi. Tatizo ni kwamba hutolewa kabla ya ushahidi, na hapo ndipo pesa za watu hupotelea. Injini ya gari la mwendo kasi haifi hivihivi, huuawa. Na aliyeiua mara nyingi hubaki palepale ndani ya gari, akiingoja ya pili.

Mapenzi ya Subaru yalikotoka

Mapenzi haya yana historia. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliifikisha mwisho wa Safari Rally Subaru Vivio, kigari chenye injini ya cc 658 tu. Mwaka 1997 Colin McRae, Mskoti aliyekuwa bingwa wa dunia wa 1995, alishinda Safari akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns akashinda kwa gari la jina hilohilo. Safari iliondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarejea 2021 na makao yake yakawa Naivasha. Katika miaka hiyo ya ukimya, Impreza zilizotumika Japani ziliendelea kuteremshwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam, na watoto waliokuwa wakishangilia kando ya barabara za vumbi wakakua, wakapata kazi, wakanunua.

Moyo wa magari hayo ni injini za ukoo wa EJ, ulioanza na Subaru Legacy ya 1989. EJ20 ina cc 1,994. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 92 na pistoni husafiri milimita 75. Pistoni zenyewe hazisimami. Zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, zikipeana mgongo na krenki ikiwa katikati. Mpangilio huo hushusha kitovu cha uzito wa gari, likashika barabara vizuri kwenye kona. Lakini una usumbufu wake: silinda hedi ni mbili, gasketi zake ni mbili, na kazi nyingi ambazo kwenye injini ya kusimama zingefanywa ikiwa ndani ya gari, hapa fundi huona heri aishushe.

Kuna jambo jingine linalofanya kifo cha injini hizi kiwe kizito kuliko zamani. Subaru iliuaga mtindo wa EJ20 kwa toleo la mwisho la WRX STI, gari la mwendo kasi la ukoo wa Impreza, lililotangazwa 2019, magari 555 tu, yote ya soko la Japani. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingizwa nchini. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haifungi mlango, ila hutoza ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo mwenye STI ya 2005 pale Nairobi hawezi kuagiza nyingine ya rika lake kutoka Yokohama hili likimshinda. Gari lake atalilea au atalipoteza.

Uchunguzi wa maiti

Kabla ya kushika spana, fundi anayejua kazi huanza kama daktari anayeichunguza maiti: huuliza habari za marehemu. Oili ilipimwa lini mara ya mwisho? Taa ya oili iliwaka kabla ya kelele au baada yake? Maji ya rejeta yalikuwa yakipungua bila kuonekana yanakovujia? Nani aliigusa kompyuta ya injini, na gari lilianza lini kutoa moshi? Mteja mkweli humwokolea fundi kazi ya siku nzima, na hujiokolea pesa.

Kisha husikiliza. Kugonga kuzito kunakotoka chini ya injini, kunakozidi injini inapobeba mzigo, mara nyingi ni beringi ya konrodi. Mlio mwepesi unaosikika asubuhi injini ikiwa baridi na kupotea ikipata joto huwa ni pistoni inayogonga ukuta wa silinda. EJ nyingi zimeishi na mlio huo miaka mingi bila kudhurika. Tikitiki za haraka kutoka juu huweza kuwa valvu, au moshi unaovuja kwenye manifoldi iliyopasuka. Ni sauti tatu zenye gharama tatu tofauti, na mpita njia wa Mai Mahiu ataziita zote "kunoki".

Baada ya masikio huja macho. Oili humwagwa kwenye beseni safi, chujio lake hukatwa, na karatasi ya ndani hukunjuliwa juani. Chembe zinazometameta kwenye mikunjo ya karatasi hiyo ni beringi iliyosagika. Zikionekana, hakuna haja ya kuwasha gari tena kwa ajili ya kusikiliza. Kila mzunguko mmoja unaongeza hasara, kwa sababu krenki ambayo jana ingetosha kung'arishwa, leo itahitaji kusagwa na kesho itakuwa chuma chakavu.

Katika gereji moja ya Industrial Area, Nairobi, niliziona beringi za konrodi za injini kama hiyo zikiwa zimepangwa juu ya kitambaa cheupe kwa utaratibu wa silinda. Kila konrodi ina nusu mbili, kwa hiyo zilikuwa nane. Sita zilikuwa za kijivu, zimelika kidogo na kwa usawa. Mbili za silinda ya tatu hazikutambulika: zilikuwa zimezunguka zikatoka mahali pake, nusu moja imempanda mwenzake, kingo zimekuwa nyembamba za kukata kidole, na mgongo umeungua ukawa wa buluu iliyoiva. Vipande viwili vya chuma, ambavyo unene wake haufiki milimita mbili, vilikuwa vimelisimamisha gari la mamilioni ya shilingi.

Swali la maana liliulizwa na kijana aliyekuwa akifua nati kwa petroli: mbona hizi mbili tu? Kama tatizo lingekuwa oili mbovu, zote nane zingeumia karibu sawa. Fundi alikwenda kuichukua bomba ya kunyonyea oili kutoka kwenye sampu, akaipitisha mwangani. Penye kiungo cha kulehemu palikuwa na ufa mwembamba. Kila gari lilipokata kona kwa kasi, pampu ilikuwa ikivuta hewa pamoja na oili, na silinda iliyoshindwa kwanza ndiyo iliyolipa. Bomba ile ni kitu cha bei ndogo. Ingehamishiwa kwenye injini nyingine pamoja na sampu yake, kama inavyofanyika mara kwa mara, hiyo nyingine nayo ingefuata njia ileile.

Wauaji wanne

Ukiwauliza mafundi waliozifungua EJ nyingi, majina yanayorudi ni manne.

La kwanza ni njaa ya oili. Beringi haigusani na krenki. Kati yake kuna utando wa oili katika nafasi ya kama milimita 0.02 hadi 0.05. Utando ukikatika kwa sekunde chache injini ikiwa kwenye mzunguko mkubwa, chuma hugusa chuma. Injini hizi hubeba oili ya lita nne na kitu hivi, na zenye tabo hula kidogo kidogo. Mwenye gari anayengoja taa iwake ndipo apime, amechelewa, maana taa ile huripoti presha iliyokwisha kuanguka, haihesabu lita.

La pili ni mlipuko usio wa wakati wake. Viwango vya Japani hutaka petroli ya daraja la juu isipungue oktani 96, na injini za STI zilipangwa kiwandani kwa petroli hiyo. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe. Ikilipuka kabla ya wakati, pistoni inayopanda hupigwa kofi la ghafla kwenye paji lake. Injini ina sensa ya kusikia mapigo hayo, na kompyuta huchelewesha cheche ili kuyatuliza, lakini haiwezi kuyatuliza yote, hasa gari likiwa limeongezewa presha ya tabo. Kinachovunjika ni ukingo mwembamba wa pistoni kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Bandu bandu huisha gogo: hupasuka kidogo, kisha hukatika kipande, kipande hukwaruza silinda. Dalili zake ni moshi wa buluu, oili inayopulizwa hadi kwenye bomba za hewa, na silinda moja yenye mgandamizo mdogo kuliko wenzake.

Hapa lazima itajwe biashara ya kupanga upya kompyuta za magari. Ikifanywa na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, akitumia petroli ileile ambayo mteja atajaza kila siku, inaweza hata kuikoa injini. Lakini zipo gereji zinazonakili faili la gari lililopangwa Ulaya au Japani na kulipakia kwenye gari la Nairobi, zikaongeza na ile milio ya bunduki kwenye ekzosi inayopendwa na vijana. Milio hiyo hupatikana kwa kuchelewesha cheche na kuiacha petroli iwakie kwenye bomba. Joto lake huishia kwenye valvu za kutolea moshi na kwenye tabo.

La tatu ni joto. Rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, au mfuniko uliochoka hufanya maji yachemke, silinda hedi ya alumini ipinde, na gasketi iachie. Kwenye karakana, hedi huwekewa rula iliyonyooka na kupitishiwa geji ya bapa chini yake. Pengo la milimita 0.05 tayari ni kubwa. Gari linalotoa mapovu kwenye chupa ya maji huku oili yake ikiwa safi bado ni mgonjwa wa hedi tu. Likiendeshwa hivyo wiki mbili, maji na oili hukutana, na beringi huingia kwenye orodha.

La nne ni mkanda wa taimingi. Ratiba ya Japani ni kuubadilisha kila kilomita 100,000, lakini gari la mtumba hufika kwetu na saa ya kilomita ambayo si kila mtu anaiamini. Mkanda ukikatika, valvu zilizobaki wazi hukutana na pistoni na kupinda. Kishindo ni kikubwa na injini inasimama palepale, kwa hiyo mwenyewe hudhani kila kitu kimekwisha. Mara nyingi bloku imesalimika, na kinachohitajika ni hedi na valvu.

Kipimo kinachowadanganya watu wa bara

Kipimo cha mgandamizo ndicho kinachotumika zaidi kuihukumu injini, na ndicho kinachowapotosha wengi. Geji hufungwa kwenye tundu la plagi, injini huzungushwa kwa stata, na sindano hupanda. Mnunuzi huitazama, kisha huilinganisha na namba aliyoisoma kwenye kitabu cha kiwanda.

Namba ya kitabu imeandikwa kwa usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na hewa inayoingia kwenye silinda huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18 au 19. Injini inayosoma psi 160 pale Mombasa itasoma karibu 130 ikipimwa Nairobi, hali ni ileile. Nimesikia injini nzima ikikataliwa kwa sababu hiyo, na kinyume chake pia hutokea: muuzaji hupima injini iliyochoka akiwa pwani na kuipeleka bara na karatasi ya namba nzuri.

Linaloaminika kila mahali ni ulinganisho wa silinda zenyewe kwa zenyewe. Tatu zikisoma 130 na ya nne 95, hiyo ya nne ina kesi. Hapo hufuata kipimo cha pili: hewa husukumwa ndani ya silinda huku valvu zimefungwa, na fundi husikiliza inakovujia. Ikitokea kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi au pistoni. Ikitokea kwenye ekzosi, ni valvu. Mapovu kwenye maji ni gasketi. Kipimo hiki huchukua muda usiozidi saa chache, na hutenganisha kazi ya hedi na kazi ya injini nzima. Mteja ana haki ya kuwepo kinapofanywa.

Kuisuka upya

Ushahidi ukishapatikana, njia ni mbili kuu: kuisuka injini iliyopo au kuifunga nyingine iliyotumika.

Kusuka ni kazi ya mikono miwili: ya fundi wa gereji na ya fundi wa mashine. Bloku ya EJ hufunguka nusu mbili, krenki ikabaki katikati. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili, kwa kuwa silinda iliyolika haibaki duara. Ikiwa imetoka kidogo tu, hupigwa honi, ukuta ukapata mistari ya kukatizana ya kushikia oili. Ikiwa imekwaruzwa, huongezwa upana na kufungwa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25 au 0.50.

Krenki ndiyo huleta ubishi. Desturi ya karakana nyingi ni kuisaga na kuweka beringi nene zaidi, na kwa injini ya kawaida desturi hiyo haina kasoro. Lakini krenki za STI zimekomazwa juu kwa naitrojeni, na ngozi hiyo ngumu ni nyembamba mno. Ukiisaga bila kuikomaza tena, umeufungua upande laini, na ko-ko-ko itarudi mapema kuliko ulivyotarajia. Kama imekwaruzwa kwa kina, ni afadhali itafutwe krenki nyingine.

Kisha huja kipimo kidogo kinachomtambulisha fundi. Kwenye shingo safi na kavu ya krenki hulazwa uzi mwembamba wa nta ya plastiki, plastigeji kwa jina lake. Kifuniko cha beringi hufungwa kwa spana ya toki hadi kiwango kilichoandikwa, bila kuizungusha krenki, kisha hufunguliwa tena. Uzi umebonyea ukawa utepe, na upana wa utepe husomwa kwa karatasi yenye mistari inayokuja nao. Mpana maana yake nafasi ni ndogo. Mwembamba maana yake nafasi ni kubwa. Fundi akiruka hatua hii kwa kuwa "beringi ni mpya na ni za saizi yake", anabahatisha kwa pesa za mtu mwingine.

Swali la pistoni hutegemea matumizi. Pistoni nyingi za kiwandani ni za kumiminwa. Hazina kelele na hudumu zikiachiwa nguvu zake za kiwandani. Za kufuliwa huvumilia mapigo zaidi, lakini hutanuka zaidi, huachiwa nafasi kubwa zaidi, na huwa na mlio asubuhi. Mwenye gari la kwenda kazini na la safari ya Nakuru mara moja moja hazihitaji, ingawa ndizo zinazoongoza kwa kusifiwa kwenye mazungumzo.

Faida ya kusuka ni kwamba unajua kila kilichomo. Hasara yake ni kwamba kazi nzuri iliyofanywa nusu ni mbaya kuliko injini ya mtumba. Mashine ikiwa na shughuli nyingi, utangoja. Spea moja ikichelewa kutoka ng'ambo, injini itakaa wazi ikila vumbi la gereji.

Kununua iliyotumika

Njia ya pili ni ya haraka. Injini huteremka kutoka Japani, nyingine zikipitia masoko ya spea za mtumba ya Sharjah ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hununua, na kufika Kirinyaga Road au Gerezani zikiwa zimefungwa waya juu ya mbao. Nyingine hukatwa pamoja na pua nzima ya gari, na hizo hupendwa kwa kuwa huja na waya, kompyuta na tabo yake.

Hilo la waya na kompyuta si dogo. EJ20 ni jina la ukoo. EJ205 ya WRX, EJ207 ya STI, zile za tabo mbili za Legacy na EJ20X ya Legacy GT zote ni za lita mbili, lakini kila moja ina sensa zake, kamshafti zake na lugha yake ya kuongea na kompyuta. Injini ya ndugu huweza kuingia kwenye mabano ya gari lako bila shida, kisha ikakataa kukaa sailensi sawasawa, au ikaendeshwa na kompyuta isiyoijua hadi ipasue pistoni. Herufi na namba hugongwa kwenye bloku, juu, karibu na inapoungana na gea boksi. Soma mwenyewe, usisomewe.

Kabla ya kulipa, omba mambo manne. Izungushwe kwa mkono, isikwame popote. Mfuniko wa tundu la oili ufunguliwe. Matope meusi ni historia mbaya. Sampu ifunguliwe uitazame bomba ya kunyonyea na chembe zilizotulia chini. Na kamera ndogo ipitishwe kwenye tundu la plagi uione sura ya silinda. Muuzaji anayekataa yote manne na kukupa "dhamana ya kuwaka" anakuahidi kwamba itawaka tu. Kuwaka si kupanda Mai Mahiu.

Mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili za krenki hubadilishwa injini ikiwa bado chini, hata kama zinaonekana nzima. Ni kazi ya mchana mmoja sasa na ya siku mbili baadaye.

Sumu inayobaki kwenye mabomba

Iwe umesuka au umenunua, kuna hatua inayorukwa kuliko zote. Beringi iliyosagika haikubaki kwenye sampu. Chembe zake zilisukumwa na pampu hadi kwenye kipozea oili kilichoko juu ya chujio, kwenye mirija midogo ya tabo na kwenye njia za oili za kamshafti. Kipozea oili cha Subaru kina vijia vyembamba ambavyo hakuna petroli wala hewa ya kompresa inayoweza kuvisafisha kwa uhakika. Kikihamishiwa kwenye injini mpya, chembe huachia siku oili inapopata moto, na moja kwa moja huelekea kwenye beringi mpya. Kipozea hubadilishwa. Mirija ya tabo hubadilishwa au husafishwa ikiwa imefunguliwa, na tabo yenyewe hukaguliwa.

Hapa pia ndipo wauaji wengine wawili hukamatwa: rejeta ipimwe, feni zijaribiwe, na faili la kompyuta lirudishwe la kiwandani mpaka injini itulie.

Karatasi

Nchini Kenya, injini ikibadilishwa, namba yake mpya husajiliwa kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, gari likakaguliwa na logbuku ikarekebishwa. Tanzania rekodi za magari ziko kwa mamlaka ya mapato, TRA, na badiliko hupelekwa huko. Weka risiti ya muuzaji na nyaraka za kuingizia injini, kwa kuwa injini isiyo na asili huenda ilitolewa kwenye gari la mtu aliyeibiwa. Wengi huahirisha jambo hili hadi siku ya ajali, ambapo mkaguzi wa bima analinganisha namba ya bloku na ya karatasi, au siku ya kuuza gari, ambapo mnunuzi mjanja hutumia tofauti hiyo kushusha bei.

Siku za mwanzo

Injini iliyosukwa haiwashwi kwa funguo mara moja. Petroli na cheche hukatwa, stata ikazungushwa kwa vipindi hadi presha ya oili ionekane, ili beringi zisizaliwe zikiwa kavu. Ikishawaka, kilomita chache za kwanza hutoa chembe za chuma vipande vinapozoeana, kwa hiyo oili ya kwanza humwagwa mapema, na chujio hukatwa tena kukaguliwa. Kitabu cha Subaru humtaka mwenye gari jipya asivuke mzunguko wa 4,000 kwa kilomita 1,600 za kwanza, na ushauri huo unaifaa injini iliyosukwa vilevile. Lakini isiendeshwe kwa mwendo mmoja wa kubembeleza. Ringi hukaa vizuri injini ikibebeshwa mzigo wa wastani na kuachiwa, kupanda na kuteremka.

Uamuzi

Sasa lile swali la wapi pesa ziende lina majibu yanayojulikana. Mkanda uliokatika au gasketi iliyoachia mapema: tengeneza hedi, bloku iache. Pistoni moja iliyopasuka na krenki nzima: isuke, kwa kuwa nusu ya thamani ya injini bado unayo. Beringi iliyozunguka na krenki ya STI iliyochimbika: hesabu bei ya krenki nyingine, ya mashine na ya spea zote, ikizidi ya injini ya mtumba yenye namba sahihi, nunua hiyo. Bloku iliyotobolewa na konrodi: usipoteze muda, nunua, na chukua kutoka kwenye ya zamani kile tu ambacho kimepimwa.

Katika kila hali, tenga fungu la pili kando ya bei ya injini: kipozea oili, bomba ya kunyonyea, rejeta, mkanda, na kazi ya kupanga kompyuta kwa petroli unayoipata karibu na kwako. Fungu hilo likikosekana, heri gari lisubiri juu ya mawe mwezi mmoja zaidi. Na mwambie fundi tangu siku ya kwanza kwamba beringi, pistoni na chujio vya zamani utavichukua nyumbani kwenye boksi. Aliyechunguza kifo cha injini yako atakukabidhi vyote na kukuonyesha penye jeraha. Asiye na cha kukuonyesha hakuchunguza, na huyo usimpe injini ya pili.